Ukurasa wa Agosti

Baada ya Julai ikaja Septemba.

Sabra alirudi nyuma. Juni, Julai, Septemba. Akaisugua karatasi kwa kidole gumba akidhani mbili zimegandana. Hazikugandana. Katikati palikuwa na kipande chembamba cha karatasi, upana wa ukucha, kilichoachwa na mtu aliyechana kwa haraka.

“Mzee,” alisema taratibu, “Agosti iko wapi?”

Mzee Kasiani alitazama pembeni.

Najua mlivyo. Wiki nzima tangu sehemu iliyopita simu yangu haikupumzika. Wa Mzumbe mmeapa kwamba mzee kaificha Agosti chini ya godoro. Wa Kihonda mnasema ameiuza. Mama mmoja wa Msamvu kanitukana mimi, eti nimeichana mwenyewe ili gazeti linunuliwe. Tulieni, jamani. Na wewe uliyelikuta gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, pengine likiwa limefungia maandazi yako, sikia kwa kifupi, kisha tuendelee.

Sabra ni fundi cherehani wa Mji Mpya, hapa hapa Morogoro. Ana miaka arobaini na minne. Mama yake, Pili, alikuwa mfumaji katika Kiwanda cha Nguo cha Bondwa, kile kilichokufa zamani zikabaki kuta na popo. Sabra aliambiwa kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mchanga wa siku arobaini. Akalelewa na Shangazi Zuhura, dada wa baba yake, na baba naye hakukawia kufa. Picha ya mama haipo hata moja. Kila alipouliza, jibu lilikuwa lile lile: zilipotea tulipohama.

Basi Sabra hajui mama yake alifanana vipi. Hajui kama pua aliyonayo ni ya mama au ya nani.

Miaka kumi na moja iliyopita, bibi mmoja aliyekuja kupimwa gauni alimwambia jambo. Kiwanda cha Bondwa kilitoa kalenda ya mwaka 1980 yenye picha za wafanyakazi wake, mmoja kila mwezi. “Agosti alikuwa Pili,” bibi yule akasema, “na nguo yake ya maua makubwa.”

Tangu siku hiyo Sabra hana raha. Kalenda zile zilikuwa za bure, zawadi za kiwanda kwa wenye maduka na wafanyakazi, pamoja na vioo vya mfukoni, futi za kupimia nguo, masinia ya bati na vishikio vya funguo, vyote vina chapa ya milima miwili. Akaanza kuvitafuta vyote, kwa hesabu kwamba mwenye kioo huenda ana kalenda. Chumba chake kimejaa. Majirani wanamwita mwendawazimu wa Bondwa, na wengine hawasubiri apite kwanza.

Kalenda zenyewe alizipata mbili. Ya Mlali ilikuwa imeliwa na mchwa hadi Oktoba. Ya pili ilikuwa ya mwenye duka aliyechana kila mwezi ulipoisha akafungia sukari. Hii ya Kinole, kijiji cha huku milimani, ya Mzee Kasiani aliyekuwa mtu wa boila, mtambo wa mvuke wa kiwanda, ndiyo ya tatu. Ilikuwa imekunjwa ndani ya kipande cha mwanzi, safi, rangi zote zipo. Sabra aliifungua mwezi mmoja mmoja.

Na Agosti haipo.

“Fungua Novemba,” Mzee Kasiani alisema.

“Mzee, mimi sikuja kwa ajili ya Novemba.”

“Fungua tu, mwanangu.”

Akafungua. Kijana mwenye ovaroli alikuwa anacheka na meno yote, spana kubwa begani. Chini yake imeandikwa: Ndugu Kasiani Laurenti, Boila.

“Ndiyo maana niliitunza,” mzee alisema. “Wenzangu kalenda ikizeeka wanawapa watoto wafunikie madaftari. Mimi nilikataa. Nilipoileta huku Krismasi ya mwaka ule nikawaambia wote, mtu asiiguse. Nilikuwa na maringo. Nilitaka wajukuu waje waone babu yao alikuwa Novemba.”

“Nani akachana?”

“Maria.”

Nje, sauti ya kisu kinachokwangua magome ya mdalasini ilisita. Mke wa mzee, Regina, alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi na kazi yake, hajasema neno zaidi ya kuitikia shikamoo.

“Maria ni nani, mzee?”

“Binti yetu. Alikuwa darasa la tatu.” Mzee Kasiani alikohoa. “Shule zilipofunguliwa mwalimu akasema kila daftari lifunikwe kwa karatasi nyeupe, asiye nayo arudi nyumbani. Huku karatasi nyeupe ungeipata wapi? Lakini nyuma ya kalenda ni kweupe. Akachana mwezi mmoja tu. Hakuangalia hata ni upi.”

“Mzee…”

“Nilimchapa. Kwa fimbo ya mpera. Nilimchapa mpaka mama yake akaja kuninyang’anya fimbo. Kwa ajili ya karatasi, mwanangu! Hiyo ilikuwa Januari. Mwezi wa saba homa ikampanda kichwani. Siku nne tu. Mimi nilikuwa zamu mjini, nilipofika nikakuta wanachimba.”

Sabra alitaka kusema pole. Badala yake likamtoka lingine.

“Na daftari?”

Msimchukie. Mtu akitafuta kitu miaka kumi na moja, ulimi wake unamtangulia. Mwenyewe aliona aibu, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

“Lilizikwa naye,” mzee alijibu, bila hasira. “Mama yake aliliweka kwenye jeneza, pamoja na rozari. Liko pale nyuma, penye ile kahawa.”

Basi ilikuwa imekwisha. Uso wa mama yake uko chini ya ardhi ya Kinole, kifuani mwa mtoto wa watu, na haujulikani tena hata ungechimbua. Sabra aliikunja kalenda akairudisha kwenye mwanzi wake. Akavitazama viatu vyake pale mlangoni, akainuka. Akashukuru kama alivyofundishwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujisumbua kuyafuta.

“Halikuzikwa,” mtu alisema mlangoni.

Regina alikuwa amesimama pale, kisu bado mkononi, unga wa mdalasini umemjaa hadi kwenye viwiko. Mwanamke wa miaka sabini na tano, mdogo wa mwili, aliyenyooka.

“Unasema nini wewe?” Mzee Kasiani aliuliza.

“Daftari. Nilikwambia nimeliweka. Sikuliweka.”

“Miaka arobaini na minne, Regina!”

“Ungelichoma. Wakati ule ulikuwa unachoma kila kitu chake. Ulichoma sketi yake ya shule. Ulichoma hata kigoda. Ningekuachia na daftari?”



Regina aliingia chumbani. Walisikia sanduku la bati likivutwa. Alirudi na fungu la kitenge, akaliweka mezani, akalifungua kona moja baada ya nyingine. Ndani ya kitenge kulikuwa na nailoni, ndani ya nailoni kitambaa cheupe, ndani ya kitambaa daftari.

Jalada lilikuwa jeupe bado, limekuwa na rangi ya maziwa tu. Mtoto alikuwa ameandika juu yake kwa wino wa bluu, herufi kubwa zinazopanda mlima: MARIA KASIANI, DARASA LA III, HESABU. Chini ya maandishi kulikuwa na mchoro. Mtu mwenye kichwa kikubwa na miguu ya njiti, ameshika kitu begani.

Mzee Kasiani alisogea. Hajawahi kuliona daftari hili tangu binti yake azikwe. Aliinamisha uso hadi pua ikakaribia karatasi.

“Huyu nani huyu?”

“Ni wewe,” Regina alisema. “Na spana yako. Amekutoa kwenye Novemba.”

“Alinichora lini?”

“Wiki ile ile uliyomchapa.”

Mzee alisimama kidogo ameshika meza. Kisha akatoka nje, akapita katikati ya migomba, na kwa muda mrefu hawakumwona. Nakwambia msomaji, mimi mwenyewe nilipofika hapa niliweka kalamu chini nikaenda kunywa maji.

Walibaki wanawake wawili na daftari.

Sabra aliligeuza kwa uangalifu. Huu ndio ujuzi wake. Anajua karatasi za Bondwa kuliko waliozichapa. Picha ilikuwa ndani, imeangaliana na jalada la daftari. Upande mweupe ndio uliotazama nje. Kama mtoto angepaka gundi pembeni tu, kama wafanyavyo watoto wote, karatasi ingevuliwa kama foronya.

Akajaribu kwa ukucha. Haikutoka.

“Alipaka uji wa muhogo karatasi nzima,” Regina alisema. “Nilimwambia, Maria, paka pembezoni. Hakusikia. Alitaka isitoke kamwe, ili baba yake asije akaidai.”

“Inaweza kutoka,” Sabra alisema, kisha akanyamaza.

“Kwa nini umenyamaza?”

“Inatoka kwa mvuke, mama. Nimeshabandua lebo za majora ya nguo kwa mvuke wa birika, nyingi tu. Uji unalainika, karatasi inaachia.” Akavuta pumzi. “Lakini wino wa juu hautavumilia. Ule wino wa zamani ukiona maji unakimbia. Jina litaondoka. Na mchoro.”

Regina alilitazama daftari. Sabra alilitazama pia. Upande mmoja wa karatasi kulikuwa na mama ambaye mtoto wake hajawahi kumwona. Upande wa pili kulikuwa na vitu vyote vilivyobaki vya mtoto ambaye mama yake hamwoni tena. Karatasi ilikuwa moja.

“Siwezi,” Sabra alisema. “Funga, mama. Rudisha kwenye sanduku. Mimi nimeshazoea.”

“Umezoea nini?”

“Kutomjua.”

Regina alinyanyuka akaenda jikoni. Sabra alisikia kuni zikisogezwa, majivu yakipulizwa. Aliporudi alikuwa ameshika birika jeusi, mdomo wake unatoa mvuke.

“Bandua.”

“Mama, hapana!”

“Mimi mwanangu namjua sura,” Regina alisema. “Nikifumba macho namwona, hadi kovu la gotini. Wewe ukifumba macho unaona nini?”

Sabra alilitazama birika. Wewe ungejibu nini?

“Basi bandua. Anzia chini, jina liko juu. Tutaona litakavyovumilia.”

Sabra alinawa mikono. Akalishika daftari kama mtu anavyoshika kichanga, akaipeleka kona ya chini kwenye mvuke. Akahesabu hadi ishirini. Akaitoa. Akaingiza ukucha. Karatasi iliachia, kidogo, kwa sauti ya kitu kinachonyonywa.

Akarudia. Akaona rangi.

Kwanza yalitokea maua makubwa mekundu, kipande cha kitenge. Bibi yule wa gauni hakusema uongo. Kisha yakatokea maandishi ya chapa, meusi: …ili Abdulatif, Idara ya Ufumaji.

“Ni yeye,” Sabra alinong’ona. “Mama, ni yeye!”

“Endelea.”

Mvuke tena. Ukucha tena. Ukatokea mkono wa kushoto, umeshika jora la nguo kwa chini. Mkono mwembamba, bangili moja. Sabra aliukazia macho hadi yakamuuma. Huu ndio mkono uliomwosha na kumvika siku arobaini. Kidole cha mwisho kilikuwa kifupi. Kilikatika kwenye kiungo cha juu, kama vya wengi waliofanya kazi kwenye mitambo ya kufumia.

Juu ya jalada, mguu mmoja wa mtu wa njiti ulianza kuvimba rangi ya bluu.

Sabra aliliondoa daftari kwenye mvuke haraka. “Mama, wino umeanza. Tuache?”

Aligeuka.

“Mama?”

Regina alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani. Birika lilimponyoka likaanguka sakafuni, maji ya moto yakasambaa, na hakuinua hata mguu.

“Umeungua! Mama, umeungua mguu!”

“Mkono huo,” Regina alisema.

“Mkono gani?”

“Huo. Wenye kidole hicho. Mimi naujua mkono huo.”

Sabra alimshika akamkalisha. Akachukua maji ya mtungini akammwagia mguuni. 

“Mama yako alikufa lini?” Regina aliuliza.

“Mwaka themanini na moja, mwezi wa tatu. Nilikuwa na siku arobaini.”

“Nani alikwambia?”

“Shangazi aliyenilea.”

Regina alitikisa kichwa. Alitikisa hivyo mara nyingi, kama mtu anayekataa chakula.

“Mwezi wa saba mwaka huo huo,” alisema, “mama yako alikuwa humu ndani. Alisimama pale ulipoweka viatu vyako.”

Msomaji wangu, Sabra hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye maji yaliyomwagika.

“Maria alikuwa amelazwa hapo,” Regina aliendelea, akionyesha katikati ya chumba. “Tumeshamwosha. Tumemfunika shuka jeupe, tunamsubiri baba yake afike. Wanawake wanalia. Ghafla mwanamke nisiyemjua akaingia, mbio, vumbi hadi kwenye nyusi. Kanga yake imelowa huku kifuani. Maziwa. Hakusalimu mtu. Akapita katikati yetu, akanyoosha mkono, mkono huo, akafunua shuka.”

“Kwa nini?”

“Alikuwa anatafuta mtoto. Kuna mtu mjini alimwambia mwanawe kaletwa Kinole kunyonyeshwa na mwanamke wa huku. Akapanda kwa miguu, akawa anauliza nyumba kwa nyumba. Akasikia kilio. Akaambiwa aliyekufa ni mtoto. Akadhani ni wake.”

Sabra aliuma kidole chake.

“Alimtazama Maria wangu. Akaona ni msichana mkubwa, siye. Akasema, ‘Alhamdulillahi.’”

Regina alilitamka neno lile polepole, yeye Mkatoliki wa Kinole, kama mtu aliyekaa nalo siku zote.

“Juu ya maiti ya mwanangu! Alishukuru. Kwa sauti. Wanawake wote wakanyamaza.”

“Hakukusudia, mama.”

“Najua. Hata yeye alijua amekosea, hapo hapo. Alipiga magoti akanishika miguu. Akasema nisamehe, dada, sikusema kwa mwanao, nimesema kwa wangu. Akanieleza kwamba watu wa mume wake ni wa Pwani, wamemchukua mtoto yeye akiwa zamu. Yeye ni Mluguru wa Mlali, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, wao hawakutaka kusikia hilo. Wakamfukuza nyumbani. Akaniuliza, na huku bado amenishika miguu, hujasikia popote kichanga cha kike kimeletwa?”

“Ukamjibu nini?”

Regina aliufunika uso kwa viganja. Unga wa mdalasini ukamwachia alama mashavuni.

“Nilimwambia: ‘Na wewe wako usimwone.’”

Mvua ilianza, ile ya milimani isiyotoa taarifa. Ilipiga bati kwa nguvu na kwa dakika nzima hakuna aliyeweza kusikika.

“Nilimwambia mara mbili,” Regina alisema mvua ilipopungua. “Akainuka. Akalifunika shuka vizuri, akalinyoosha kona. Akatoka. Nimeungama kwa mapadri watatu. Wote wamenisamehe. Na kumbe maneno yangu yalimpata, mwanangu, ona! Wewe ndiye wake. Una nywele nyeupe na hajakuona.”

Sabra angeweza kumchukia. Nafasi ilikuwepo, na mimi nisingemlaumu. Lakini aliutazama ule mguu ulioungua, akautazama ule mkono kwenye kona ya karatasi, akajikuta amemkumbatia mwanamke yule, wote wawili wamelowa.

“Si maneno yako,” alisema. “Kuna watu walinificha. Maneno hayafichi mtoto.” Kisha, kwa kuogopa jibu: “Mama, alikuwaje? Uso wake. Wewe ulimwona.”

Regina alifumba macho. Alijitahidi. Iliwezekana kuona anavyojitahidi, anavyorudi katika chumba kile na kilio kile.

“Sikumtazama usoni,” alisema mwishowe. “Nisamehe. Niliutazama mkono tu. Mkono uliomfunua Maria.”

Mlangoni Mzee Kasiani alikuwa amesimama, amelowa chapachapa. Hatujui alifika saa ngapi. Alisema kwa sauti iliyokauka, “Malizia kubandua, binti. Uso uko hapo hapo ndani. Mimi nakuruhusu.”

“Birika nitalichemsha tena,” Regina alisema, akajaribu kuinuka.

Sabra alilichukua daftari. Nusu ya mkono, maua, jina lililokatika. Viganja viwili juu, uso wa mama yake ulikuwa umelala kifudifudi kwenye hesabu za kujumlisha. Ilikuwa kazi ya robo saa. Miaka kumi na moja, na imebaki robo saa!

“Mama, uji upo?” aliuliza.

“Uji?”

“Wa muhogo. Kidogo tu.”

Uliletwa kwenye kijiko. Sabra aliupaka kwa ncha ya kidole, juu ya mkono wa mama yake, juu ya kile kidole kifupi, akaikandamiza kona mahali pake kama Maria alivyotaka. Alipuliza hadi ikakauka. Mguu wa mtu wa njiti ulikuwa umevimba, lakini jina lilikuwa zima, herufi zote.

“Kwa nini?” Mzee Kasiani aliuliza.

“Picha hutafutwa ya mtu aliyekufa,” Sabra alijibu. “Sasa sijui kama amekufa. Nitamtafuta mwenyewe kwanza.”

Kijijini wanamwita Regina Mama Elia, kwa jina la mwanawe wa kiume aliyeko Dar. Tangu mwaka themanini na moja hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Sabra alilifunga daftari katika kitambaa, katika nailoni, katika kitenge, akamkabidhi kwa mikono miwili.

“Shika, Mama Maria,” alisema.

Kilio alichokitoa mwanamke yule sitaweza kukiandika hapa.

Sabra alitoka. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Mtandao wa simu pale Kinole unakamata juu ya jiwe moja tu kubwa kando ya njia, na akapanda juu yake bila viatu. Akabonyeza jina. Iliita mara mbili.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Umeshashuka? Mbona unapumua hivyo? Nimekuwekea wali na mchicha, usichelewe.” Sauti ile ile ya miaka yote. Sauti iliyomfundisha kusoma, iliyokesha naye alipougua surua, iliyouza pete ili anunuliwe cherehani ya kwanza.

“Bado niko huku. Shangazi, mama alifariki mwezi gani?”

“Mara ngapi nikwambie, Sabra? Mwezi wa tatu. Ulikuwa na siku arobaini.”

“Mwezi wa saba alikuwa hapa Kinole. Ananitafuta mimi.”

Redio iliyokuwa ikisikika nyuma ya Shangazi Zuhura ilizimwa.

“Nani amekwambia?”

Hakusema ni uongo. Sabra alisubiri aseme ni uongo. Angemwamini, wallahi, hata dakika ile angemwamini. Lakini Shangazi aliuliza tena lile lile, kwa sauti ndogo zaidi. Nani amekwambia?

Ndipo Sabra alipokumbuka kaburi aliloambiwa ni la mama yake. Kila sikukuu ya Idd, tangu akiwa na miaka sita, Shangazi alimshika mkono hadi makaburini. Walipalilia pamoja. Walimwaga maji. Alisoma Yasini pale hadi akaihifadhi, na mwaka jana alipeleka fundi akalijengea tofali kwa fedha za ushonaji wake mwenyewe.

“Shangazi,” alisema, “amelala nani mle ninamosomea?”

“Rudi kwanza nyumbani, mwanangu.”

“Amelala nani?”

Shangazi Zuhura alikuwa analia sasa, kilio cha kizee, cha pumzi zinazokatika.

“Hamna mtu mle, Sabra. Hamjawahi kuwa na mtu.”